Mapengo ya Tarehe

Baba yangu alikuwa fundi mwashi, na nyumba yetu ya Makorora, Tanga, ilimchukua miaka 13. Kila mfuko wa saruji uliotoka kiwandani Pongwe aliuandika kwenye daftari lenye jalada la bluu: tarehe, bei, na jina la aliyeuleta. Msingi ulimwagwa 1981. Boma lilifika kwenye lenta 1986. Tulipaua 1994, nami nikiwa na umri wa kutosha kumpandishia mabati. Kati ya tarehe hizo kuna mapengo. Ukurasa mmoja unaishia na mifuko minne ya saruji, na unaofuata unaanza miezi kumi na tisa baadaye, kwa mwandiko uleule. Mama anayajua mapengo yote. Ukimsomea tarehe mbili zilizoachana, anakwambia palipita nini: hapo dada yako alilazwa, hapo mashamba ya mkonge yalipunguza watu, mji mzima ukakauka, nani angemwita fundi, hapo tulimzika bibi yako.

Hakuna aliyekuja kumuuliza baba kwa nini ukuta umekaa mwaka na nusu bila kuongezwa tofali. Mtaani kwetu pagale lilikuwa na heshima yake. Majani yaliota ndani, watoto tukacheza kombolela humo, na kila aliyepita alijua kwamba mwenyewe yuko hai na anakusanya. Ndivyo nilivyolelewa kujenga: fedha ikija unajenga, ikienda kwa wagonjwa na ada unasimama, kisha unarudi. Nilipohamia Marekani nilikuja na mafunzo hayo, pamoja na timazi ya baba na mwiko wake mmoja.

Mwaka 2013 mimi na mke wangu tulinunua nyumba katika mji mdogo kaskazini mwa Minneapolis, jimbo la Minnesota. Mwaka uliofuata nilichukua kibali cha kutengeneza vyumba viwili kwenye besimenti. Nilichora mwenyewe, nikalipa, nikapewa kadi ya ukaguzi ya kubandika dirishani. Oktoba 2014 mkaguzi alikuja akaona fremu za mbao, nyaya na mabomba vikiwa wazi, akatia sahihi. Mwezi huohuo mdogo wangu wa mwisho alipata nafasi ya chuo Dar es Salaam na ada ikawa juu yangu. Kazi ikasimama miezi minane. Niliporudi kwenye besimenti nilifanya kazi kimyakimya, Jumamosi hadi Jumamosi: sufi za kuzuia baridi, jipsamu, rangi, zulia. Sikumwita mtu. Niliamini kwamba kibali nimeshalipia na fremu zimeshapita, kwa hiyo ni changu, kama hati ya kiwanja ilivyo yako hata ukilala miaka mitano.

Mwaka 2017 tulitaka kubadilisha mkopo wa nyumba tupate riba nafuu. Mthamini alihesabu vyumba akaona viwili zaidi ya vilivyomo kwenye kumbukumbu za mji. Nikaenda ofisi ya majengo nikiwa na ile kadi mkononi, sahihi ya Oktoba 2014 inasomeka vizuri kabisa. Aliyekuwa kaunta aliangalia kompyuta akaniambia kwa upole kwamba kibali hicho kilikwisha muda wake tangu 2015, na ukaguzi wa mwisho haukufanyika. Machoni pa mji, vyumba ambamo wanangu walikuwa wakilala havikuwahi kukamilika. Nilichukua kibali kipya, nikalipa tena, na mkaguzi akataka jipsamu ikatwe sehemu tatu aone kilichofunikwa. Nilizikata mwenyewe kwa msumeno mdogo. Ukuta ule niliupaka rangi kwa mikono yangu, na kuukata kuliniuma kuliko zile fedha.

Mkaguzi alikuwa mzee wa makamo, mtu wa maneno machache. Nilimweleza kwamba sikuitelekeza kazi, kwamba ukitoa ile miezi minane nimefanya kazi karibu kila wiki. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema ananiamini, ila yeye anaandika alichokiona, na baada ya Oktoba 2014 hakuna aliyemwonyesha kitu. Kisha akaigeuza kadi yangu akanionyesha mstari ambao sikuwahi kuusoma, uliokuwa nyuma, kwa herufi ndogo: siku 180.

Kanuni yenyewe ni fupi. Katika Minnesota, kama katika majimbo mengi ya Marekani yanayofuata kanuni za mfano za ujenzi, kibali hufa kwa njia mbili. Kinakufa usipoanza kazi ndani ya siku 180 tangu kitolewe. Kinakufa pia kazi ikiwa imeanza, halafu ikasimamishwa au kutelekezwa siku 180. Na kanuni hiyohiyo inampa mkuu wa ofisi ya majengo mamlaka ya kuongeza muda, tena zaidi ya mara moja, kila mara usizidi siku 180, mradi mwenye kibali ameomba kwa maandishi na kuonyesha sababu ya kuridhisha. Si kila mahali hesabu ni hiyo. California, kuanzia mwanzo wa 2019, imetoka siku 180 ikaenda miezi 12. Mji wa Seattle hutoa miezi 18. Lakini kokote nilikouliza, swali ni lilelile: kazi inaendelea, na nani ameiona ikiendelea?

Neno lililonipoteza ni hilo la kusimama. Kwetu kazi inasimama pale fundi anapoweka mwiko chini. Ofisini kazi inasimama pale maandishi yanapokoma. Unaweza kutoka jasho kila Jumamosi kwa nusu mwaka, na katika daftari lao ukaonekana umelala.

Kwa muda mrefu nililiona jambo hili kama ukali wa watu wenye makaratasi. Aliyenibadilisha mawazo ni udongo. Mwaka 2019 tuliamua kuongeza chumba nyuma ya nyumba, chumba cha chini chenye bafu lake na mlango mpana, kwa ajili ya mama. Baba alikuwa ameshafariki, na mama alikuwa akipanda ngazi kwa shida. Kibali kilitoka tarehe 6 Mei. Sehemu ya Minnesota tunayoishi, msingi lazima ushuke inchi 42, yaani zaidi kidogo ya mita moja, kwa sababu ardhi huganda mpaka huko. Kaskazini mwa jimbo ni inchi 60. Nilipokuwa ndani ya shimo lile, nilimkumbuka baba ambaye kwa udongo wa Makorora futi mbili zilimtosha.

Maji yaliyomo udongoni yakiganda hutanuka na kusukuma juu. Nyumba iliyokamilika ina joto lake ndani, na joto hilo huulinda msingi. Msingi ulioachwa wazi kwenye baridi hauna mlinzi: barafu inaingia chini ya zege na kuliinua, na majira ya kuchipua unakuta ufa. Ukuta wa msingi nao, ukirudishiwa udongo kabla sakafu ya juu haijaushika, husukumwa ndani na mzigo wa udongo. Mbao zilizokaa uchi miezi sita hunyonya maji na kuvimba kingo. Jengo lililoachwa katikati linaharibika kwa namna ambayo jengo lililokamilika haliharibiki, na aliyelikagua mwezi wa sita hawezi kuapa kwamba mwezi wa pili bado liko vile alivyoliona. Kwetu pwani pagale la matofali huvumilia. Mvua inaliosha, jua linalikausha. Huku pagale haliishi. Nilipolielewa hilo, siku 180 ziliacha kuwa adui yangu. Ni muda ambao mkaguzi yuko tayari kuamini macho yake ya mara ya mwisho.

Zege la chini lilikaguliwa Juni, kabla ya kumwagwa, mitaro ikiwa mitupu na nondo zimelazwa. Kuta za msingi nilizijenga mwenyewe kwa matofali ya saruji, kwa mwiko wa baba, nikisaidiwa na jirani yangu Mkenya kutoka Kisii ambaye mikono yake inajua kazi. Zilikaguliwa tarehe 9 Septemba 2019. Usiku ule nilihesabu siku 180 kwenye kalenda ya jikoni, nikazungushia wino mwekundu tarehe 7 Machi 2020. Kuanzia besimenti ile sijawahi kuacha kuhesabu.

Tulikimbizana na theluji. Sakafu, fremu, paa. Katikati ya Novemba chumba kilikuwa kimefunikwa. Kwa kuwa hakikuwa na joto bado, chini ya sakafu nilitandaza marobota ya majani makavu na blanketi za kuzuia ardhi isigande, kama mkaguzi alivyonishauri. Ilibaki fundi bomba, na mwenye leseni niliyempata alikuwa na nafasi katikati ya Januari. Hapa pana mtego ambao wengi hawauoni: mkaguzi hatii sahihi kwenye fremu mpaka mabomba na nyaya viwe vimeshapita. Kwa hiyo kazi yote ile ya Septemba hadi Desemba, paa zima, kuta zote, haikuwa imeacha hata mstari mmoja kwenye kadi. Mtu akisoma kadi tu, angedhani tangu 9 Septemba nimekwenda zangu.

Tarehe 12 Januari, saa tisa usiku, kaka yangu alipiga simu kutoka Tanga. Mama ameanguka bafuni, mfupa wa nyonga umevunjika.

Fedha ya fundi bomba ikawa tiketi na upasuaji. Nilimpigia kumwomba radhi, nikaondoka. Nilikaa Tanga wiki sita. Mchana nilikuwa kando ya kitanda cha mama; usiku, mama akilala, tarehe 7 Machi ilikuja kunikalia kifuani. Nilijua kwamba naweza kuomba muda. Kilichonizuia hakikuwa kutojua. Niliona haya. Kwetu habari ya mama kuvunjika nyonga husemwa barazani, mbele ya watu wanaokuja na mkono wa pole. Haiandikwi kwenda kwa mtu wa kaunta usiyemjua ukimwomba fadhila. Nilijiambia nitarudi mapema, nitamwita fundi bomba siku hiyohiyo, nitawahi. Hesabu haikukubali, na nilijua haikubali.

Nilipoandika, niliandika kurasa mbili. Niliomba msamaha mara nyingi, nikaeleza besimenti ya zamani ambayo hakuna aliyeniuliza, nikaahidi mambo. Nikamtumia mke wangu asome kwanza. Akapiga simu.

"Baba watoto," akasema, "hii barua inalia. Wao wanataka kujua mambo matatu tu: umefanya nini, kwa nini umesimama, na utarudi lini. Mama kuumwa si fadhila unayoomba. Kanuni inasema toa sababu. Hiyo ndiyo sababu."

Tukaiandika upya pamoja kwa simu, yeye akiwa na mchana wake wa theluji, mimi na usiku wangu wa mbu. Namba ya kibali na anwani. Sentensi moja kuhusu kazi iliyofanyika tangu ukaguzi wa Septemba, na picha sita alizokwenda kuzipiga asubuhi ile: paa, kuta, majani makavu chini ya sakafu. Sentensi moja kwamba mama yangu amefanyiwa upasuaji Tanzania na mimi niko naye, na nakala ya tiketi. Sentensi ya mwisho: narudi tarehe 29 Februari, fundi bomba ataanza Machi, naomba siku 180 kuanzia tarehe 7 Machi. Tuliituma 11 Februari kwa barua pepe. Siku nne baadaye lilikuja jibu la ukurasa mmoja lenye sahihi: kibali kimeongezwa muda hadi 3 Septemba 2020. Chini yake mtu aliongeza kwa maneno yake kwamba anamtakia mama afya njema. Nilimtafsiria mama kitandani. Akauliza huyo ni nani. Nikasema ni mtu wa ofisi ya majengo. Akasema, "Mjibu. Mwambie ahsante."

Sikujua wakati ule karatasi ile imenivusha nini. Tarehe 13 Machi gavana wa Minnesota alitangaza hali ya dharura kwa sababu ya korona. Ujenzi haukukatazwa, lakini kaunta ya ofisi yetu ilifungwa na fundi bomba wangu akajitenga wiki kadhaa. Halafu, tarehe 31 Machi, kanuni mpya za ujenzi za jimbo zilianza kutumika. Kibali kilicho hai kinaendelea na kanuni kilichotolewa nazo. Kilichokufa hakifufuki nazo: unaomba upya, na ombi jipya linapimwa kwa kanuni mpya, michoro ikarekebishwa na pengine kazi iliyokwisha fanyika ikaguswa. Kama ningeendelea kuona haya wiki nne zaidi, ningekuwa nje ya mlango uliofungwa nikiwa na michoro ya kanuni zilizopita.

Mabomba yalipita mwishoni mwa Mei. Umeme, ambao katika mji wetu hukaguliwa na watu wa jimbo kwa kibali chake chenyewe, ulipita mapema Juni. Fremu tarehe 16 Juni. Sufi tarehe 2 Julai. Kila sahihi iliianzisha hesabu upya, na kila mara nilirudi jikoni kuzungushia tarehe mpya.

Watu wetu huku wamekuwa wakiniuliza mambo haya tangu wajue yaliyonipata, na nimegundua kwamba wengi huogopa mkaguzi kama mtu wa kodi. Humwita akiwa wa lazima kabisa, kazi ikiwa imepambwa. Mimi siku hizi humwita mapema na mara nyingi. Ukiwa na kazi ndefu, mwombe akague upande mmoja uliokwisha. Ofisi nyingi hukubali ukaguzi wa sehemu. Hata akikuta kosa akaandika kwamba hujapita, ameandika kwamba alikuja akakuta kazi. Na kila kibali, cha jengo, cha mabomba, cha umeme, kina saa yake. Kimoja kuwa hai hakukifanyi kingine kiwe hai.

Lipo moja linaloniuma zaidi. Mama mmoja wa Mombasa, jirani yetu wa mtaa wa pili, alimlipa mkandarasi nusu ya fedha ya kuezeka upya na kupanua jiko. Kibali kilikuwa kwa jina la mkandarasi. Kazi ilipolala, yule mama aliogopa kupiga simu ofisini kwa sababu aliona kibali si chake. Miezi saba ikapita. Angeweza kupiga simu siku yoyote. Nyumba ni yake, na ofisi ingemweleza kibali kimefika wapi. Hakuna aliyemwambia. Tangu hapo, mtu akiniambia ameanza kujenga, kabla sijampa hongera namuuliza kibali kiko kwa jina la nani na sahihi ya mwisho ni ya lini. Najua nakera. Naendelea kuuliza.

Ukaguzi wa mwisho wa chumba cha mama ulifanyika 6 Novemba 2020. Alikuja mkaguzi yuleyule aliyenikatisha ukuta wa besimenti. Alijaribu madirisha, akapima kizingiti cha bafu, akabonyeza kengele ya moshi. Akatia sahihi kwenye mstari wa chini kabisa, akanirudishia kadi. Niliitia kwenye bahasha pamoja na ile barua ya kuongezewa muda.

Mama hakuweza kuja mpaka Agosti 2022. Siku ya tatu alitaka kuona kuta za msingi, zile za mwiko wa mumewe. Nilimtoa nje kwa kiti cha magurudumu, akainama akapitisha kidole kwenye viungo vya matofali yanayoonekana juu ya ardhi, polepole, kozi moja kisha nyingine. Jioni akauliza kama na mimi niliandika tarehe kama baba. Nikaleta bahasha. Macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo nilimsomea kadi, kama nilivyokuwa nikimsomea daftari la bluu. Zege la chini, Juni 2019. Kuta za msingi, tarehe 9 Septemba. Mabomba, mwishoni mwa Mei.

Akaninyamazisha kwa mkono, akahesabu kwa vidole. Septemba, Oktoba, Novemba, Desemba, Januari.

"Hapo," akasema, "ndipo nilipoanguka."